Heko kwa Redio

Redio inastahili pongezi kwa kukutanisha muziki, habari na hali ya hewa katika sikio moja. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz, na kanda zake zimehifadhi sehemu kubwa ya muziki wetu wa dansi. Lakini faida haikuishia kwenye burudani. Mvuvi aliyefungulia redio kwa ajili ya muziki ndiye huyo huyo anayesikia kwamba upepo utafikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi mita 2, akaiacha ngalawa ufukweni. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao wa Tanzania, tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilihitaji masikio ambayo tayari yalikuwa yamezoea kusikiliza.

Wapo watakaosema simu imeshachukua nafasi ya redio. Simu ina kasi, kweli, ila inataka bando, chaji na mtandao, na taarifa yake humfikia mtu mmoja mmoja, mara nyingi ikiwa imechanganyika na uzushi. Redio ya betri pale kijiweni husikiwa na wote, wakabishana papo hapo. Wengine watakumbusha kuwa kwa miaka mingi ilikuwa sauti ya serikali tu. Hoja hiyo ni ya haki, na vituo binafsi vya tangu miaka ya 1990 vimeipunguza bila kuimaliza. Hata hivyo, dawa yake ni kudai taarifa bora, si kuizima redio. Hongereni, watangazaji na mafundi mitambo.