Hamu ya Yaliyopita: Fani na Maudhui katika Sanaa Iliyotokana na Michezo ya Kale ya Video

Waswahili wana methali mbili zinazopingana kuhusu wakati uliopita. Moja husema kuwa ya kale ni dhahabu. Nyingine huonya kuwa yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Msanii anayeurudia utoto wake ili kutafuta malighafi ya kazi yake husimama katikati ya methali hizi. Akiishika ya kwanza peke yake, atazaa pambo. Akiishika ya pili peke yake, hatakuwa na la kukumbuka.

Suala hili limezuka upya tangu mwisho wa karne ya 20, wasanii waliokua na michezo ya video ya miaka ya 1970 na 1980 walipoanza kuirejesha michezo hiyo katika majumba ya sanaa na katika kuta za miji. Makala haya yanachunguza kazi za wasanii watatu: Invader wa Ufaransa, Cory Arcangel wa Marekani na Feng Mengbo wa China. Hoja inayotetewa ni kwamba hamu ya yaliyopita, hata iwe kali namna gani, haitoshi kuwa dhamira. Hamu hiyo hugeuka kuwa sanaa pale tu msanii anapoifahamu sheria iliyoizaa sura ya kale, kisha akaitii au akaivunja kwa makusudi.

Sheria iliyoizaa sura

Kabla ya kuzihukumu kazi zenyewe, hapana budi kueleza chanzo cha sura zinazoigwa. Picha ya mchezo wa video hujengwa kwa miraba midogo ya rangi iitwayo pikseli. Mashine za miaka ile zilikuwa na nafasi ndogo mno ya kuhifadhi habari, na kwa hiyo kila mraba ulikuwa na gharama. Mchezo wa Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985, ulitoshea katika kilobaiti 40 tu. Ili kubana matumizi, waundaji walichora umbo moja na kulitumia mara mbili: likipakwa rangi nyeupe ni wingu, likipakwa rangi ya kijani ni kichaka. Mhusika mkuu mwenyewe, aliyeonekana kwanza katika Donkey Kong mwaka 1981, alivishwa kofia na kupewa masharubu na Shigeru Miyamoto kwa sababu miraba iliyopatikana haikutosha kuonyesha nywele na mdomo.

Mfano ulio wazi zaidi ni Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado na kutolewa na kampuni ya Taito mwaka 1978. Wavamizi 55 wamepangwa katika safu 5, nao hushuka hatua kwa hatua kumwelekea mchezaji. Kadiri wanavyouawa ndivyo waliosalia wanavyokwenda mbio. Mwendo huo haukupangwa tangu awali. Mashine ilikuwa ikielemewa na kazi ya kuwachora wote, na mzigo ulipopungua ikaongeza kasi yenyewe. Nishikado aliiona dosari hiyo, akaiacha. Hofu ambayo mamilioni ya wachezaji waliihisi ilitokana na udhaifu wa chombo uliotambuliwa na jicho la msanii.

Mhakiki wa ushairi wa Kiswahili hatashindwa kuona ulinganifu uliopo. Vina na mizani humfunga mshairi, na katika kufungwa huko yeye hupata maneno ambayo asingeyapata akiwa huru. Hata hivyo, ulinganifu huo una mpaka. Arudhi ni mapatano ya jamii, na mshairi huingia ndani yake kwa hiari. Ufinyu wa mashine ulikuwa shuruti ya bei na ya ufundi. Leo shuruti hiyo imekwisha. Kompyuta ya kawaida inaweza kuchora uso wa mtu hadi kope zake. Basi anayechora kwa miraba mikubwa siku hizi huchora hivyo kwa kuchagua, naye anawajibika kuonyesha uchaguzi huo una maana gani.

Invader: kutoka pikseli hadi kigae

Msanii ajulikanaye kwa jina la Invader, ambaye huficha uso wake hadharani, alianza mwaka 1998 kubandika wavamizi wa Nishikado katika kuta za Paris. Tangu hapo amebandika zaidi ya 1,400 katika jiji hilo pekee, mbali na wengine wengi katika miji ya mabara mengine. Kila mmoja ana namba yake, na miji iliyovamiwa huchorewa ramani.

Nguvu ya kazi hii imo katika ulingano wa umbo na kitu kilichotumika. Nakshi ya vigae ni sanaa ya maelfu ya miaka, nayo, kama pikseli, hujenga picha kwa vipande vidogo visivyogawanyika. Kwa hiyo Invader hakulazimisha umbo geni juu ya ukuta. Alitambua kwamba mchezo wa mwaka 1978 na sakafu za Warumi wa kale vina sarufi moja. Kitu kilichokuwa mwanga tu kwenye kioo, kikitoweka swichi ikizimwa, kimepewa mwili wa kauri unaovumilia mvua na jua. Hapa sheria ya kale imetiiwa, na utiifu huo umezaa jambo jipya.

Kasoro ipo katika wingi. Mvamizi wa kumi humshtua mpita njia. Wa elfu humthibitishia tu kwamba msanii bado yuko kazini. Mwaka 2014 ilitolewa programu ya simu iitwayo FlashInvaders, ambayo humpa alama mtu anayempiga picha mvamizi aliyemwona. Watetezi wanaweza kusema kuwa mchezo umerudi mtaani ulikostahili kuwa. Dai hilo lina ukweli, kwa maana mwindaji wa alama huanza kuzitazama kona za jiji ambazo zamani alizipita bila kuinua macho. Lakini mtazamaji anayehesabu alama hana haja ya kuuliza picha inasema nini. Fani imeshamiri, maudhui yamebaki nyuma.

Arcangel: kufuta ili kuonyesha

Kazi ya Cory Arcangel, Super Mario Clouds (2002), inafuata njia iliyo kinyume kabisa. Arcangel aliifungua kaseti ya Super Mario Bros., akabadilisha programu iliyokuwa ndani, na matokeo yakawa mchezo usiokuwa na mchezo. Mario hayupo, maadui hawapo, ardhi haipo, wala muziki hausikiki. Kilichobaki ni anga ya buluu na mawingu meupe yenye kingo za mraba, yakipita taratibu bila kikomo. Kazi hii ilionyeshwa katika Whitney Biennial ya mwaka 2004, nayo imo katika hazina ya jumba la Whitney mjini New York. Msanii aliyatangaza hadharani maelezo ya namna alivyoitengeneza, ili atakaye aige.

Pingamizi la kwanza linalotolewa dhidi yake ni kwamba kazi haina jasho: mtu amefuta vitu vya mwenzake, akayaita mabaki sanaa. Pingamizi hili linapima sanaa kwa wingi wa vilivyoongezwa. Kuondoa nako ni utunzi, na mhariri yeyote wa ushairi anajua kuwa ubeti hupona kwa neno lililotolewa. Suala la haki ni iwapo kilichobaki kinabeba uzito wa kilichoondoka, na hapa jibu ni kwamba kinaubeba. Katika mchezo halisi hakuna aliyeyatazama mawingu. Macho yalikuwa kwenye shimo lililo mbele na adui anayekuja. Mawingu yalikuwa pale muda wote wa utoto, bila ya kuonekana. Arcangel anampa mtazamaji kile alichokuwa nacho asikione, na wakati huo huo anamnyima kile alichokijia. Hivyo ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi: kiini cha tukio hufutika, na pembeni mwake hubaki rangi ya anga ya siku ile.

Sheria ya kale, kwa hiyo, imevunjwa kwa ujuzi. Mchezo ni kitu kinachodai tendo. Hapa hakuna la kutenda. Mtazamaji aliyesimama mbele ya mawingu anatambua kuwa hawezi kurudi, na utambuzi huo hakuambiwa kwa maneno.

Feng Mengbo: historia ndani ya mchezo

Feng Mengbo, aliyezaliwa Beijing mwaka 1966, anaibeba hamu ya aina nyingine. Utoto wake uliangukia katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, wakati ambapo hadithi za kishujaa za Chama cha Kikomunisti zilikuwa chakula cha kila siku. Michezo ya video ilimfikia baadaye. Katika Long March: Restart (2008), kazi iliyomo katika hazina ya jumba la MoMA mjini New York, vitu hivyo viwili vinakutanishwa. Askari wa Jeshi Jekundu, aliyechorwa kwa miraba kama Mario, anakimbia katika skrini ndefu iliyoenea ukuta mzima, akiwatupia maadui makopo ya Coca-Cola. Skrini ni ndefu kiasi kwamba mchezaji hulazimika kutembea, na mara nyingine kukimbia, ili aandamane naye.

Matembezi Marefu ya 1934 hadi 1935 hayakuwa mchezo. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 86,000 waliondoka kusini, na waliofika kaskazini hawakuzidi 10,000. Je, ni halali kuyageuza maafa hayo kuwa burudani? Kazi yenyewe inaelekea kujibu kuwa yalikwisha kugeuzwa zamani. Simulizi rasmi ilikuwa tayari na shujaa mmoja, njia moja, vikwazo vinavyopangwa kwa zamu na ushindi ulioahidiwa mwishoni. Umbo la mchezo halikuipotosha simulizi hiyo. Liliuanika muundo wake. Na kopo la kinywaji cha Kimarekani mkononi mwa mwanamapinduzi linaeleza safari ya China tangu 1978 kwa ufupi kuliko insha nyingi.

Hata hivyo kazi hii ina hatari inayotokana na mvuto wake. Mchezaji aliyezama katika kukimbia na kutupa makopo huweza kutoka akiwa amechoka na kufurahi, bila ya kuwakumbuka waliokufa njiani. Feng anaitegemea kejeli, na kejeli humhitaji msomaji anayekijua kinachokejeliwa.

Kumbukumbu ya nani?

Hapa panafikiwa kiini cha tatizo. Wahakiki wengi huandika juu ya michezo hii kana kwamba ni kumbukumbu ya binadamu wote wa rika fulani. Sivyo. Mtoto wa Kenya wa mwaka 1985 aliyeifahamu mashine ya Nintendo alikuwa wa nyumba chache za mjini. Walio wengi hawana utoto huo wa kuutamani. Kwa kuwa hali ni hii, mtazamaji asiyewahi kucheza ndiye kipimo cha haki cha sanaa hii: kazi isiyokuwa na la kumwambia imejengwa juu ya hamu tupu.

Kwa kipimo hiki Super Mario Clouds inasimama imara zaidi. Asiyemjua Mario bado ataona anga inayosafiri pasipo msafiri, na ukiwa wake utamfikia. Kigae cha Invader kinafaulu kwa nusu: uzuri wake wa nakshi unaonekana, ila tishio lake linapotea. Kazi ya Feng inadai elimu mbili, ya mchezo na ya historia, lakini inamlipa vizuri anayekuja nazo. Nje ya hizi tatu ipo shehena kubwa ya fulana, matangazo na picha za kuuzwa ambazo huazima miraba ya kale kwa kuwa inapendeza, na ambazo kipimo hiki huziacha mikono mitupu.

Jambo hili halimhusu mwanafunzi wa sanaa za kigeni peke yake. Mshairi wa Kiswahili anayejaza beti zake maneno ya kikale ya Lamu au Mombasa, ili tu zinukie ukongwe, yumo katika kosa lile lile la mchoraji wa fulana. Abdilatif Abdalla, katika Sauti ya Dhiki (1973), alizitumia vina na mizani za jadi kubeba uzito wa kifungo cha kisiasa katika Kenya huru, na hakuna anayesoma diwani hiyo akidhani kuwa arudhi imewekwa humo kwa urembo. Fani ya kale ilipewa kazi ambayo waliotangulia hawakuifikiria, nayo ikaiweza. Arcangel ameitendea kaseti ya mwaka 1985 jambo linalofanana na hilo. Wahakiki wanaoipokea kila picha ya miraba kwa tabasamu la kukumbuka wana wajibu wa kuuliza, kabla ya kusifu, ni kazi gani mpya ambayo sura hiyo ya kale imepewa.