Bwawa la Olkaria: kazi ilikuwa kupoza

Anayeliona bwawa la kuogea la Olkaria kwa mara ya kwanza hudhani limetiwa rangi. Maji yake ni samawati yenye weupe, mithili ya maziwa yaliyozimuliwa. Hakuna aliyetia kitu. Rangi hiyo imetokana na namna bwawa lenyewe lilivyotengenezwa.

Tuanzie chini ya ardhi. Majaribio ya kuchimba mvuke hapa, kusini mwa Ziwa Naivasha, yalifanywa mwaka 1956, na visima viwili vya mwanzo havikufaa. Kazi ikarudiwa miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha umeme. Lakini kisima cha Olkaria hakitoi mvuke mtupu. Hutoa mvuke na maji ya moto kwa pamoja, na mchanganyiko huo hupitishwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma unaovitenganisha. Mvuke huenda kuzungusha mitambo. Maji hubaki, na kwa kawaida hurudishwa ardhini kupitia visima vilivyotengwa kwa kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, KenGen, kampuni inayozalisha umeme huo, iliamua sehemu ya maji hayo ipitie bwawani kwanza.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Mabwawa mengi ya maji ya moto duniani hugharimu fedha kuyapasha. Hili la Olkaria tatizo lake lilikuwa kinyume. Eneo hilo liko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Mwili wa binadamu hustarehe kwenye nyuzi 35 hadi 40. Lazima nyuzi zaidi ya 50 ziondoke kabla ya mtu kuingia, na mafundi waliziondoa kwa kutumia nafasi na muda tu: maji hupita kwanza kwenye mabwawa madogo, yanatandaa, upepo unayapiga, joto linapaa, ndipo yanapofika kwenye bwawa kubwa la kuogea.

Mabwawa hayo madogo yana kazi ya pili, nami naiona ndiyo kubwa zaidi. Huko chini, kwenye joto la nyuzi 200 hadi zaidi ya 300, maji huyeyusha madini ya silika kutoka kwenye miamba. Yakipoa hayawezi tena kuibeba yote, kama chai tamu mno inavyoacha sukari chini ya kikombe ikipoa. Ndani ya bomba, silika hiyo hugeuka gamba gumu linaloziba njia, na wahandisi wa jotoardhi kila mahali huihofia. Ikipewa bwawa la wazi na muda wa kutosha, nyingi hutuama. Chembe ndogo kabisa hubaki zikielea na kuutawanya mwanga wa jua. Samawati tunayoiona ni hizo.

Wazo lilikuwa na mfano wake Iceland. Mtambo wa jotoardhi wa Svartsengi ulipoanza mwaka 1976, maji yake yalimwagwa kwenye miamba ya volkano yakatuama, na mwaka 1981 watu wenye maradhi ya ngozi wakaanza kuyaogea. Kule bwawa lilijitokeza lenyewe. Olkaria lilikusudiwa tangu mwanzo, pamoja na chumba chake cha kuogea mvuke.

Nchini Kenya kwenyewe kuna njia nyingine: huko Loboi, karibu na Ziwa Bogoria, hoteli hulijaza bwawa lake kwa maji ya chemchemi vuguvugu. Ni njia rahisi na nzuri, maana ardhi imeshafanya kazi ya kupoza. Lakini inategemea chemchemi ilipo, na kujenga karibu na maziwa ya Bonde la Ufa kuna hatari yake. Ziwa Baringo lilipopanda kuanzia mwaka 2011, maji yaliingia hadi ndani ya majengo ya hoteli za ufukweni. Olkaria imeepuka hatari hiyo, ingawa ina udhaifu wake: visima vikinyamaza, bwawa nalo litakauka.

Kuogea si matumizi pekee: mvuke wa bonde hili umeshatumika kukausha pareto huko Eburru na kupasha joto nyumba za maua za Oserian tangu mwaka 2003. Huko Menengai, GDC, kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, iliyoanza kuchimba mwaka 2011, imeonyesha unavyoweza kupasha maziwa na kufua nguo. Menengai iko jirani kabisa na mji wa Nakuru, ambako mkazi wa kawaida hana nauli ya kwenda Olkaria kila mwezi wala kiingilio cha kulipa. Naiomba serikali ya kaunti na GDC wajenge pale hamamu ya umma, yenye ada ambayo mama muuza mboga wa mjini ataimudu.