Ufundi wa Kuyaunda Maji

Itazame supu inapopoa. Vitone viwili vya mafuta vinasogeleana, mara vinakuwa kimoja. Ungedhani vinapendana. Kumbe kazi ni ya maji: molekuli zake zimeshikana kwa vifungo vya haidrojeni, na kila kitone kinazilazimisha zijipange upya kukizunguka. Vitone vikiungana, usumbufu unapungua.

Kwa hiyo anayetaka kuyaiga mambo haya kwenye kompyuta hana budi kuanza na maji yenyewe, na hapo ndipo ninapowapa heko mafundi wake. Mwaka 1983 William Jorgensen na wenzake walitoa mfano wa molekuli ya maji wenye nukta nne: oksijeni moja, haidrojeni mbili, na nukta ya nne isiyokuwepo kabisa katika maumbile. Waliiweka nanomita 0.015 kutoka kwenye oksijeni, kuelekea haidrojeni, ibebe chaji hasi. Maji hayo yalikuwa mazuri, ila yalifikia msongamano wake mkubwa zaidi kwenye baridi kali chini ya sifuri, ilhali maji halisi huufikia karibu nyuzi 4 za Selsiasi. Mwaka 2005, mjini Madrid, Abascal na Vega walikokotoa upya chaji na vipimo vingine, na ile nukta wakaisogeza kwa chini ya elfu moja ya nanomita. Kilele cha msongamano kikatua karibu nyuzi 5. Mkono wa sonara huo!

Kisha, badala ya vile vitone vya mafuta, zinawekwa ndani ya maji hayo shanga mbili zinazokimbia maji. Ukiziacha zitembee zenyewe, kuna umbali ambao hazitafika ila kwa nadra mno. Torrie na Valleau walipata dawa mwaka 1977, wakaiita mwavuli: unazizuia shanga kwenye umbali mmoja, kama kwa springi, unayaacha maji yatulie, unapima, unasogea kidogo, unaanza upya. Mwisho unavishona vipande vyote viwe mchoro mmoja wa nishati kwa kila umbali. Kila hatua ya mwendo ni kama sehemu moja ya milioni ya bilioni ya sekunde, basi nanosekunde moja tu inadai hatua milioni.

Pangali, Rao na Berne waliuchora mchoro wa namna hiyo mwaka 1979, kwa maji ya mfano wa zamani zaidi. Wakakuta mabonde mawili, yaani umbali wa aina mbili ambao shanga hupendelea kukaa. Katika la kwanza shanga zinagusana. Katika la pili zimetengana, na kati yake pana tabaka moja jembamba la maji ambalo bado halijaondoka.