Ngazi Ipimwe Kutoka Kigae Hadi Kigae

Ngazi ya zege inaweza kutoka kwenye mbao ikiwa imenyooka, vipandio vyote kimo kimoja, kisha ikaharibika siku vigae vinapowekwa. Chanzo ni kipimo cha kwanza: fundi alipima kutoka zege hadi zege, ilhali watu watapanda kutoka kigae hadi kigae.

Tuchukue nyumba ya ghorofa moja. Kutoka zege la chini hadi uso wa slabu ya juu ni sentimita 300. Sakafu na vigae vitaongeza sentimita 8 chini na 5 juu. Kila kipandio kitaongezewa 3. Kimo halisi cha kupanda ni 300, toa 8, jumlisha 5: sentimita 297. Gawa kwa 18, kila kipandio kinapata 16.5.

Upana wa kukanyagia hutafutwa kwa kanuni ya François Blondel, msanifu Mfaransa wa karne ya 17: kimo mara mbili ukijumlisha na upana, ipatikane hatua ya mtu. Leo wajenzi hulenga sentimita 60 hadi 64. Upana wa 28 unatupa 61. Ngazi ikikatwa katikati kwa kituo na kugeuka kurudi nyuma, kila upande una sehemu nane za kukanyaga, yaani sentimita 224. Kwa kituo cha 100, urefu unaohitajika ni 324.

Mtihani uko kwenye mbao. Kipandio cha kwanza cha zege kiwe 21.5, vinavyofuata 16.5, cha mwisho 14.5. Fundi asiyeelezwa ataona kosa na kuvisawazisha vyote kuwa 16.7. Vigae vikishawekwa, cha kwanza kitabaki 11.7 na cha mwisho kitafika 18.7. Mguu hukariri kimo cha vipandio vya mwanzo, kisha hukanyaga kwa mazoea. Mama aliyebeba mtoto, au mzee anayeshuka umeme umekatika, huanguka hapo hapo mazoea yanapomdanganya.

Kwa hiyo amua unene wa sakafu na vigae kabla ya kusuka nondo za ngazi. Kwa mpira wa maji, chora ukutani mstari ulio mita moja juu ya sakafu itakayokamilika, na kila kipandio kipimwe kutoka mstari huo. Zege likishaganda, marekebisho ni nyundo na gharama.