Namba Sita Hana Hadithi

Waandishi wenzangu, hebu tuulizane. Kwa nini kila kijana akiandika hadithi ya kandanda, shujaa wake lazima awe namba 9? Bao linaingia dakika ya 90, uwanja unalipuka, binti aliyekuwa anaringa anakubali, hadithi imekwisha. Mimi naishi Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, naandika riwaya yangu ya kwanza, na hadithi za namna hiyo nimezisoma hadi basi. Kasoro yake si lugha. Mwandishi anautazama mpira tu, timu haioni.

Namba za jezi zenyewe ni hadithi tayari. Zamani timu zilipangwa 2-3-5. Mabeki wawili, namba 2 na 3. Hafu watatu, 4, 5 na 6. Halafu fowadi watano, kuanzia winga wa kulia namba 7 hadi winga wa kushoto namba 11. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ikalegezwa, magoli yakamiminika. Herbert Chapman wa Arsenal akamrudisha namba 5 nyuma, akae katikati ya mabeki. Jamaa aliyekuwa anatawala uwanja akawa mlinzi wa mlango. Huyo ni mhusika, jamani! Kabadilishiwa kazi, kaachiwa jezi ileile.

Sasa twende Wembley, London, tarehe 25 Novemba 1953. Hungaria wamemvalisha Nándor Hidegkuti namba 9, lakini hasimami mbele, anashuka katikati. Harry Johnston, namba 5 wa Uingereza, afanye nini? Akimfuata, nyuma panabaki tundu, kina Puskás wanapita. Akibaki, Hidegkuti anacheza atakavyo. Uingereza ilifungwa 6-3, na Hidegkuti peke yake alitia matatu. Watu wanamkumbuka yeye, ni haki yake. Lakini mimi kama mwandishi ningekaa na Johnston: njia zote mbili mbaya, na lazima achague moja mbele ya watu zaidi ya laki moja.

Mtasema huko ni mbali. Haya, turudi Kanda ya Ziwa. Msimu wa 2021/22 George Mpole wa Geita Gold aliongoza kwa mabao Ligi Kuu, mabao 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa moja tu. Timu ndiyo kwanza imepanda daraja, ikamaliza ya nne! Kijiweni kila mtu atakutajia Mpole. Muulize huyohuyo namba 6 alikuwa nani. Atakuna kichwa.

Kwa hesabu yetu Watanzania, namba 6 ndiye kiungo mkabaji, anayesimama mbele ya namba 4 na 5. Beki wa pembeni akipanda, yeye anaziba. Akipokonya mpira anampa namba 8, basi, redioni jina lake limeishia hapo. Ni sungusungu wa timu. Sisi wa Usukuma, ambako sungusungu walianza miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, tunalijua jambo hili: usiku ambao hakikuibwa kitu hauna wa kuusimulia, lakini kuna mtu hakulala.

Najua nitaambiwa, namba 6 hana kisa, nani atamsoma? Tazameni huku kwetu. Vijana wanakwenda Geita kusaka dhahabu. Hao ndio namba 9 wetu, na mmoja akipata, habari inafika hadi mnadani. Nyuma anabaki dada au kaka wa kulima, kumpeleka mama hospitali, na kupokea simu za kuombwa nauli ya kurudi. Huyo hana kisa? Kila siku anaziba nafasi ya mtu aliyepanda. Siku akiteleza, ndipo watu wanamwona. Hofu hiyo inatosha riwaya nzima.

Sisemi tuache mabao. Ila kabla ya kuandika bao, chora kwanza watu 11 kwenye karatasi, ujue kila mmoja amesimama wapi na anaogopa nini. Halafu liandike bao lako, nasi tumwone aliyebaki nyuma ili lifungwe. Mhusika wangu nimempa jezi namba 6. Wa kwenu mmempa ipi?