Bi Ramotswe alinichekesha, kisha jina lake likanitatiza

Juzi mwenzangu mmoja idarani alinifumania nikicheka peke yangu, kitabu mkononi. Alipoliona jalada akaguna: “Hata wewe, mwalimu, unasoma vitu hivi?” Kitabu chenyewe ni The No. 1 Ladies’ Detective Agency cha Alexander McCall Smith, kilichotoka mwaka wa 1998. Sikuona haya. Hiyo ilikuwa mara yangu ya pili kukisoma.

Precious Ramotswe wa Gaborone, Botswana, anauza ng’ombe alioachiwa na babake ili afungue ofisi ya upelelezi. Babake, aliyeharibikiwa na mapafu katika migodi ya Afrika Kusini, alimtaka anunue biashara, labda bucha. Anapoambiwa habari za ukachero, mzee anajaribu kusema neno, na papo hapo anakata roho. Ucheshi wa McCall Smith ndio huo: hujui ucheke au usubiri kwanza. Kuna mke ambaye mumewe ametoweka mtoni wakati wa ubatizo. Ramotswe anagundua kwamba aliliwa na mamba, naye mjane anapata afueni kuwa bwana hakutorokea kwa mwanamke mwingine! Kesi ya mtoto aliyepotea, yenye harufu ya uchawi, ndiyo iliyonikalia vibaya. Imeingizwa humo kama mgeni wa matanga harusini.

Katika Kiswahili tuna makachero wetu, akiwamo Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Lakini wanaokumbukwa zaidi ni wanaume. Basi nikajiuliza, huyu Ramotswe angezungumzaje kwa lugha yetu?

Kazi yake haina shida. “Mpelelezi” halibagui mke wala mume. Shida ni “Mma”, neno la Kitswana la kumheshimu mwanamke yeyote mzima, ambalo mwandishi ameliacha vivyo hivyo katika Kiingereza chake. Mfasiri mwenye haraka ataandika “Mama Ramotswe” na kuendelea na safari. Mimi nasema ngoja kwanza. Kwetu Kenya, “mama” likifuatwa na jina, sikio hungojea jina la mtoto: Mama Otieno, Mama Wanjiru. Ramotswe alimzika mtoto wake akiwa mchanga, baada ya ndoa ya kipigo na mpiga tarumbeta aitwaye Note Mokoti. Tukimwita “mama” kila ukurasa, tutakuwa tunakitonesha kidonda ambacho wenzake wa Gaborone hawakigusi kwa “Mma”.

Na jeraha hilo ndilo linaloupa uchumba wake uzito. Matekoni, fundi mwenye gereji, anamposa na kukataliwa. Anaposa tena mwishoni, naye anakubali. Wanaosema kuwa hayo ni mapenzi ya kubembeleza usingizi hawajasoma vizuri. Mwanamke huyu anakubali akiwa na ofisi yake, gari lake dogo jeupe na nyumba yake. Hahitaji kuokolewa, ati!

Anwani ya kitabu nayo ni balaa. “Akina mama” linaturudisha kule kule. “Mabibi” lina harufu ya hotuba. “Nambari wani” nalipenda, kwani ndivyo wasemavyo watu, ingawa wahariri watalikata.

Kwa sasa nimeandika “Bi Ramotswe” pambizoni, kwa penseli. Mwenzangu yule, kwa taarifa yenu, amekiazima kitabu, na hajakirudisha.