Jicho Kabla ya Kisu: Sifa za Ufundi wa Endoskopia ya Tumbo

Tiba nyingi za saratani hupimwa kwa ukubwa wa kile kinachoondolewa, ilhali ufundi wa kuigundua na kuiondoa saratani changa ya tumbo kwa endoskopia unastahili kupimwa kwa kile kinachobaki: tumbo zima, mlo wa kawaida, na mwili usio na kovu la upasuaji. Endoskopia ni uchunguzi wa viungo vya ndani kwa bomba jembamba linalopindika, lenye taa na kamera kwenye ncha yake, ambalo hupitishwa mdomoni, likashuka kwenye umio hadi ndani ya tumbo, kisha likafika kwenye duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba inayopokea chakula kinapotoka tumboni. Wengi hukiita kipimo hicho kamera ya tumbo, na wengi wao hudhani kuwa kazi yote ni ya mashine. Ukweli ni kwamba mashine hutoa mwanga na picha tu. Kuona, kuamua na kukata ni kazi ya binadamu aliyefunzwa, na ukuu wa kazi hiyo umo kwanza katika subira ya jicho, ndipo ukaja katika wepesi wa mkono.

Ili kuielewa subira hiyo, ni lazima kuufahamu ukuta wa tumbo. Tabaka lake la ndani kabisa ni utando wa ute, wenye vitezi vinavyotoa ute na asidi. Chini yake kuna tabaka laini lililojaa mishipa ya damu na ya limfu. Kisha huja misuli inayosaga chakula, na nje kabisa utando mwembamba unaolifunika tumbo lote. Saratani ya kawaida ya tumbo huanzia kwenye utando wa ute na kushuka tabaka baada ya tabaka, na kadiri inavyozama ndivyo inavyopata njia ya kusafiri hadi kwenye tezi za limfu na viungo vya mbali. Mwaka 1962, chama cha wataalamu wa endoskopia wa Japani kiliamua kuiita saratani changa ile ambayo haijalipita tabaka laini lililo chini ya utando, iwe imekwisha kufika kwenye tezi za limfu au la. Mpaka huo ulichorwa kwa hekima, kwa kuwa miongoni mwa wanaotibiwa wakiwa bado upande wake wa salama, zaidi ya 90 katika kila 100 huwa hai miaka mitano baadaye. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvua hii huanza kunyesha mbingu zikiwa safi: saratani changa aghalabu haiumi, haikondeshi wala haizuii kula, hivyo anayesubiri dalili ndipo achunguzwe huwa amechelewa.

Njia ya kulifikia tumbo kwa jicho ilichukua muda mrefu. Mwaka 1868, Adolf Kussmaul wa Freiburg, Ujerumani, alilichungulia tumbo la mtu aliyezoea kumeza panga katika maonyesho, kwa kutumia bomba la chuma lililonyooka, ambalo wagonjwa wa kawaida wasingeweza kulistahimili. Mwaka 1932, Rudolf Schindler, akisaidiwa na fundi Georg Wolf, alitoa bomba lililoweza kupinda kwa kiasi, lenye lenzi nyingi zilizopangwa kwa mfuatano. Mwaka 1950, daktari wa upasuaji Tatsuro Uji wa Tokyo, pamoja na mhandisi Mutsuo Sugiura na mwenzake wa kampuni ya Olympus, waliunda kamera ndogo iliyomezwa ikiwa kwenye ncha ya mrija na kupiga picha gizani kwa mwako wa taa yake. Kisha mwaka 1957, Basil Hirschowitz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitumia nyuzi laini za kioo zinazosafirisha mwanga hata zikipindwa, na daktari akaweza kulitazama tumbo moja kwa moja. Mataifa mengi yalichangia chombo, lakini ni Japani, nchi iliyoelemewa mno na saratani ya tumbo, iliyokigeuza chombo hicho kuwa ufundi wa kutazama, kwa kulinganisha bila kuchoka picha zilizopigwa tumboni na vipande vilivyotolewa na madaktari wa upasuaji, hadi wataalamu wake wakajua kila badiliko dogo la rangi lina maana gani chini ya hadubini.

Kutazama huko kuna adabu yake. Kabla ya bomba kupitishwa, mgonjwa hunywa dawa ya kuyeyusha ute na kuondoa mapovu, kwa sababu saratani yenye upana wa milimita tano huweza kufichwa na povu moja. Tumbo hujazwa hewa ili mikunjo yake ifunguke, kisha kila upande hukaguliwa kwa utaratibu usiobadilika, kuanzia karibu na mlango wa duodeni hadi kwenye paa la tumbo, ambalo halionekani mpaka bomba lipindwe na kujitazama lenyewe. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya unataka uchunguzi huo usipungue dakika saba, maana anayekwenda haraka huona vidonda vikubwa na kuviacha vile ambavyo bado vingetibika. Kinachotafutwa, mara nyingi, si uvimbe uliochomoza, bali ni bonde dogo lenye wekundu usiolingana na jirani zake, sehemu iliyopauka kidogo, au mkunjo unaokatika ghafla bila sababu. Daktari mahiri husoma kwanza hali ya tumbo zima, kwa kuwa saratani nyingi huota katika utando ulionyauka kwa uvimbe wa muda mrefu, na mipaka ya unyaufu huo huoneshwa kwa kipimo kilichowekwa na Kimura na Takemoto mwaka 1969 na ambacho kingali kinatumika.

Chanzo kikuu cha unyaufu huo ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyetambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren mjini Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 1994, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka bakteria huyo katika kundi la visababishi vya saratani visivyo na shaka. Kwa hiyo daktari anayelitazama tumbo husoma historia iliyoandikwa humo kwa miaka mingi, mara nyingi tangu utotoni, kabla hajaanza kutafuta uvimbe wowote.

Jicho hilo limepewa misaada miwili inayostahili kutajwa. Wa kwanza ni rangi ya buluu iitwayo indigo kamini, inayonyunyizwa juu ya utando na kutuama katika vibonde vyake, hadi umbo lililokuwa halionekani likajitokeza. Wa pili ni mwanga uliochujwa ukabakishwa katika mawimbi mafupi, karibu na nanomita 415 na 540, ambayo himoglobini ya damu huyafyonza sana, hivyo mishipa midogo huonekana kwa rangi ya kahawia na ya samawati katika picha iliyokuzwa. Kenshi Yao wa Japani alifundisha kanuni inayotumika hadi sasa: kwanza utafutwe mstari unaotenganisha eneo linaloshukiwa na utando wa kando yake, na mstari huo ukiwepo, ichunguzwe mishipa na vitundu vya vitezi vilivyo ndani yake kama vimepoteza mpangilio. Katika kanuni hiyo, shaka hugeuzwa kuwa maswali mawili yanayojibika, jambo ambalo ni alama ya elimu iliyokomaa.

Baada ya kuona huja uamuzi, na hapa ufundi huu hudhihirisha uaminifu wake. Endoskopia huweza kuuondoa uvimbe uliomo katika ukuta wa tumbo, lakini haiwezi kuzifikia tezi za limfu zilizo nje yake, hivyo ni halali kuitumia pale tu ambapo uwezekano wa saratani kufika huko ni mdogo mno. Mwaka 2000, Takuji Gotoda na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 5,265 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani changa katika hospitali mbili kubwa za saratani mjini Tokyo. Miongoni mwa saratani 1,230 za aina iliyopevuka vizuri, zilizokuwa bado ndani ya utando na zenye upana usiozidi milimita 30, hapakuwa na hata moja iliyofika kwenye tezi. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa saratani 145 zilizozama kidogo tu, chini ya mikromita 500, yaani nusu milimita, katika tabaka la chini ya utando, bila kuingia katika mishipa. Nusu milimita hiyo ndiyo inayoamua nani atarudi nyumbani na tumbo lake na nani atahitaji upasuaji mkubwa, na daktari mwema huiheshimu hata pale mkono wake ungeweza kukata zaidi.

Mkono nao una historia yake. Mwaka 1984, Masahiro Tada na wenzake walieleza mbinu ya kudunga maji ya chumvi chini ya utando ili uvimbe uinuke, kisha kuuvuta na kuukata kwa kitanzi cha waya chenye umeme. Mbinu hiyo ilifaa kwa vidonda vidogo, lakini vilivyozidi sentimita mbili vilitoka vipande vipande, na kingo zake hazikusomeka. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1990, katika Hospitali ya Kituo cha Taifa cha Saratani mjini Tokyo, kikazaliwa kisu chenye kidonge cha kauri kwenye ncha, ambacho huzuia umeme usiutoboe ukuta huku ubavu wa kisu ukikata. Kwa kisu hicho na vingine vilivyofuata, mtaalamu hutia alama za nukta kuuzunguka uvimbe, hudunga maji mazito yaliyotiwa rangi ili utando uinuke kama lengelenge, huukata kwa mduara nje ya alama, kisha huingia chini yake na kulitenga tabaka laini nyuzi kwa nyuzi, akiziba kila mshipa kabla haujavuja damu. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi, nayo ina hatari za kweli za damu kuvuja na ukuta kutoboka, ambazo mara nyingi huzibwa kwa klipu ndogo kupitia bomba lile lile. Tangu mwaka 2006, bima ya afya ya taifa la Japani huilipia tiba hiyo kwa saratani changa ya tumbo.

Kipande kikitoka hakitupwi wala hakiaminiwi kwa macho. Hunyooshwa na kubanwa kwa pini, hulowekwa katika fomalini, kisha hukatwa vipande vyembamba vya milimita mbili, naye mtaalamu wa patholojia, anayesoma magonjwa katika tishu, hupima kina, kingo na mishipa. Akikuta saratani imevuka mpaka, mgonjwa huelezwa kuwa upasuaji bado unahitajika. Ufundi unaokubali hukumu ya mwingine baada ya kila kazi ni ufundi unaostahili kuaminiwa.

Duodeni ndiyo inayoupima zaidi uadilifu huo. Ukuta wake ni mwembamba, umepinda, na nafasi ya kuligeuza bomba ni finyu. Zaidi ya hayo, nyongo na maji ya kongosho hupita juu ya jeraha na kulimeng'enya, hata ukuta ulioonekana mzima siku ya kwanza ukaja kutoboka baadaye. Kuchukua kinyama cha kupima, jambo la kawaida tumboni, huweza kuacha kovu linaloubana uvimbe na kuifanya tiba kuwa ngumu. Kwa sababu hizo, vivimbe vidogo huondolewa kwa kitanzi kisicho na umeme, au duodeni hujazwa maji ili utando uelee mbali na misuli, na jeraha hufungwa kwa klipu baada ya kazi. Kwa watu waliorithi ugonjwa wa vinyama vingi vya utumbo, ambao hupata vivimbe vya duodeni mara nyingi, hatua tano zilizopangwa na Spigelman mwaka 1989 humsaidia daktari kujua nani aangaliwe tu na nani atibiwe.

Wala kazi haiishi uvimbe unapotoka, kwa kuwa utando uliozaa saratani moja huweza kuzaa nyingine. Katika utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2018, saratani mpya ilijitokeza kwa asilimia 7.2 ya wagonjwa waliotibiwa bakteria baada ya uvimbe wao kuondolewa, na kwa asilimia 13.4 ya wale ambao hawakutibiwa. Dawa za kumeza na uchunguzi wa kila mwaka, basi, ni sehemu ya ufundi huu sawasawa na kisu.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulisikiliza somo hili. Maambukizi ya bakteria huyo yameenea, na uchunguzi wa wagonjwa 232 wa saratani ya tumbo katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2012, ulionesha kuwa zaidi ya tisa katika kila kumi walifika ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa. Visu vya kauri na mashine za gharama vitachukua muda kuenea, lakini sehemu iliyo bora zaidi ya ufundi huu haingoji fedha nyingi: kusafisha ute kabla ya kutazama, kukagua kila pembe kwa utaratibu, kutokimbizana na saa, na kumtibu bakteria anapopatikana. Wanaowafundisha madaktari wetu na wawafundishe hayo kwanza. Naye msomaji aliyezoea kununua dawa za vidonda vya tumbo dukani mwezi baada ya mwezi, hasa akiwa amepita umri wa miaka 40, au anapungua uzito, au anapata choo cheusi, au ana ndugu aliyeugua saratani ya tumbo, asiendelee kuyatuliza maumivu asiyojua chanzo chake; aende hospitali aombe kuchunguzwa kwa kamera, kwa maana saratani ya tumbo inayoonekana mapema huponyeka.